Kisanduku cha "Amekataa"

Machi 2

152 kwa 94.

Daktari mpya amenipa daftari hili. Ameniagiza nipime presha yangu kila asubuhi, niandike tarehe na namba, na mvua kubwa zikiisha nimpelekee aone. Hakusema nisiandike mengine. Namba mbili kwenye ukurasa mzima ni ubadhirifu, na marehemu baba alinifundisha kwamba karatasi haitupwi.

Kazi yangu ni kupima moyo. Mimi si daktari. Mgonjwa analala kitandani, nambandika stika sita kifuani na nne mikononi na miguuni, naunganisha waya, nabonyeza, na mashine inatoa karatasi yenye mistari ya kupanda na kushuka. Karatasi inakwenda kwa daktari, mimi naita mwingine. Huu ni mwaka wangu wa kumi na nne katika chumba namba nne. Wenzangu wananiita Fundi Waya. Karatasi zangu ni safi, mistari yake haitetemeki, na hilo nalisema bila kujisifu sana.

Leo mpima mioyo ameambiwa ana presha. Mke wangu amecheka mpaka akaketi. "Mganga hajigangi," akasema, kisha akaficha kopo la chumvi.

Machi 3

150 kwa 92. Mawingu, mvua hakuna. Mchuzi hauna ladha.

Machi 5

149 kwa 94.

Daktari mpya ameshapata jina: Daktari Kwa Nini. Ni mama wa makamo, mdogo wa umbo, na haulizi swali lingine. Leo kaja chumbani kwangu.

"Kwa nini mlango huu umewekewa tofali?"

Nikamweleza. Kitasa ni kibovu, ukiufunga mlango unafungiwa ndani. Mwaka juzi mgonjwa mmoja na mimi tulikaa humu saa nzima tukigonga. Tangu hapo mlango uko wazi, tofali linaushikilia.

"Na foleni yote ya koridoni inaona kitandani?"

"Nawaambia wageuke ukutani, daktari. Ni dakika nne tu."

"Kwa nini hakuna pazia?"

"Lilipelekwa kufuliwa."

"Lini?"

Hapo ikanibidi nihesabu. Mwaka wa tatu huu. Akaenda zake. Watu wapya huwa hivyo, atazoea.

Machi 9

153 kwa 93.

Asubuhi kaja mama mmoja wa bondeni, mnene, ana pumzi fupi. Kafika mlangoni, kaona kitanda, kaona mimi na stika mkononi, kasimama. Sista, muuguzi wetu mkuu, alikuwa anapita, akamwambia kama anavyowaambia wote: "Ingia, mama. Mficha uchi hazai."

"Nimeshazaa saba, sista," yule mama akajibu. "Naomba mlango ufungwe."

Foleni yote ikacheka, hata mimi. Mlango haukufungika. Akangoja kidogo, akajitanda vizuri, akaondoka. Fomu yangu ina visanduku viwili, "Amepimwa" na "Amekataa". Nikaweka alama kwenye cha pili, nikaita mwingine.

Bondeni ni ng'ambo ya daraja. Watu wake walihamia zamani za mababu, wana lugha yao ya nyumbani, na hapa mjini wanaitwa watu wa bondeni hata yule aliyezaliwa ghorofa ya tano. Hospitalini tunasema ni wagumu: hawalii, hawaulizi, na wanapenda kukataa. Mimi nina haki ya kusema, nimeoa kwao. Mke wangu mwenyewe alinikataa mara mbili kabla hajakubali.

Machi 10

151 kwa 93. Mvua ya kwanza, ya nusu saa. Koridoni panavuja palepale pa mwaka jana.

Machi 15

150 kwa 95.

Jana tulikwenda bondeni kumwona Mama, yaani mama mkwe wangu. Ni fundi cherehani, anaishi na kushona katika vyumba viwili juu ya duka la vitambaa. Ngazi ni kumi na mbili. Alishuka kutupokea, na wakati wa kupanda akasimama ngazi ya tano, akajifanya anatazama mvua inatokea wapi. Akasimama tena ya tisa.

"Mama, umechoka?" mke wangu akamuuliza.

"Sare za shule hizi. Nikizimaliza nitapumzika."

Kitandani kwake niliona mito miwili ya kichwa. Mtu anayelala na mito miwili peke yake ama anapenda starehe, ama akilala chali pumzi inambana. Mama hapendi starehe. Nikaitazama kalenda ya ukutani kwa muda mrefu.

Machi 16

154 kwa 95. Mvua.

Machi 19

152 kwa 94. Mvua. Mkojo wa paka kwenye buti langu moja. Sijui lipi, nimeosha yote mawili.

Machi 26

155 kwa 96.

Daktari Kwa Nini aliniita ofisini. Amepitia mafaili ya miaka mitano, ya watu waliokuja wakisema kifua kinabana au pumzi zinaisha. Katika kila watu mia wa mjini, thelathini na wanne walipelekwa kwenye kipimo kikubwa, kile cha kupitisha mrija mkononi mpaka kwenye mishipa ya moyo. Katika kila mia wa bondeni, tisa.

"Kwa nini?" akaniuliza.

"Hawa watu wanakataa, daktari."

"Wanakataa kipimo kikubwa?"

"Hata kidogo. Hata changu wanakataa."

"Nani kasema?"

"Imeandikwa kwenye mafaili."

Akanigeuzia faili moja. Amekataa. La pili, amekataa. La tatu. Akaniambia, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba daktari akilikuta neno hilo hamsukumi mgonjwa mbele, anampa vidonge na kumwacha, maana mwenyewe hataki. "Mimi pia nimeshafanya hivyo mara mbili tangu nifike hapa," akasema. "Nililiamini neno. Huu mwandiko ni wa nani?"

Nina mwandiko mzuri. Mwalimu wangu wa darasa la nne alikuwa akiwaonyesha wengine. Nikamwambia ni wangu.

Machi 27

160 kwa 98. Sikulala vizuri.

Machi 28

159 kwa 98. Nimeudhika. Kwani fomu niliichapa mimi? Kitasa nilikivunja mimi? Miaka kumi na nne sijawahi kuchelewa hata siku moja, leo naonyeshwa mwandiko wangu kama mtoto aliyechora ukutani.

Machi 30

161 kwa 99.

Nimekaa chumba cha mafaili tangu saa nane mchana hadi saa kumi na moja. Nilikwenda kutafuta ya kujitetea. Nimetoa mafaili ya wanawake wa bondeni wenye neno langu, sitini na moja. Nikajilazimisha kuwakumbuka mmoja mmoja, na wengi nimewakumbuka. Hakuna hata mmoja aliyeniambia hataki kupimwa. Walisimama mlangoni. Wengine waliuliza kama kuna mwanamke anayepima. Wengine walisema watarudi. Mimi nikaweka alama nikaita mwingine, maana foleni ilikuwa ndefu na fomu haina kisanduku cha mtu aliyesimama mlangoni.

Faili la arobaini na saba ni la Mama.

Nilijua liko. Ndiyo maana nilikaa chumba kile muda mrefu kabla ya kufika herufi yake. Miaka miwili iliyopita alikuja na barua ya zahanati yao: kifua kinabana akipanda ngazi. Hakujua kwamba zamu ni yangu, mimi sikujua kwamba anakuja. Akatokea mlangoni, tukaonana, mimi na stika mkononi. Mkwe na mama mkwe. Yeye akageuza uso, mimi nikainamia mashine kana kwamba imeharibika. Akasema polepole, "Basi," akaondoka. Nikaweka alama. Jina lake nililiandika vizuri kuliko mengine yote.

Jioni sikumwambia mke wangu. Ningeanzaje kuzungumza habari za kifua cha mama yake? Nikasema nitamwambia kesho. Kesho hiyo imekuwa miaka miwili, na sasa kuna mito miwili kitandani.

Aprili 1

163 kwa 100. Nimenunua kitasa na pazia. Kitasa nimekifunga mwenyewe. Sista kasimama akinitazama: "Umeingiwa na nini, Fundi?" Tofali nimelitoa nje. Limeacha alama ya mraba sakafuni, haitoki hata kwa sabuni.

Aprili 2

160 kwa 98. Nimeanza kumfundisha Sista kubandika stika. Anajua yote, anasema. Kaibandika ya nne kwenye ubavu usio wake mara tatu.

Aprili 5

158 kwa 97.

Nimekwenda bondeni peke yangu, nikamwambia Mama kwamba hospitali inataka gauni la kupimia: mgonjwa alivae, abaki amefunikwa, na stika zifike mahali pake. Akaniuliza mahali pake ni wapi. Hapo nikapata kigugumizi, mtu mzima mwenye watoto wawili.

Mama akaniokoa. Kwenye kona pana sanamu lake la kushonea, kiwiliwili cha mwanamke kilichojazwa pamba, hakina kichwa wala mikono. Akalivuta kati ya chumba, akanipa chaki, akarudi kuketi kwenye cherehani na kunipa mgongo.

"Weka alama. Ukimaliza useme."

Nikaweka alama sita. Mbili huku na huku ya mfupa wa katikati, na nyingine nne zikizunguka chini ya ziwa la kushoto hadi ubavuni. Nikasema nimemaliza. Akaja, akalitazama sanamu, akapima kwa vidole.

"Kwa hiyo haya yote ni upande mmoja tu," akasema. "Basi upande mwingine wa nini kufunuliwa?"

Miaka kumi na nne, na swali hilo sikuwahi kujiuliza. Akachora papo hapo: gauni lenye kipande cha mbele kinachofunguka upande wa kushoto kama bahasha, kina vifungo vya kubana, na chini yake nafasi ya mkono wa mpimaji kupita bila kitu kuonekana. Alikuwa na furaha ya kazi, lakini alikata kitambaa akiwa ameketi, na kila baada ya mikato mitatu minne alitua mkasi.

"Mama," nikasema, "na wewe uje upimwe. Sista atakupima, ni mwanamke. Tarehe kumi na tatu."

"Mkiniita nitakuja," akajibu.

Nikaona ni adabu yake tu.

Aprili 7

162 kwa 99.

Daktari Kwa Nini ameniambia niwapigie simu wale sitini na mmoja. Leo nimejaribu kumi na wawili. Watano wakikuta mtu wa hospitali, na lugha si yao, wanakata. Watatu namba hazipo. Watatu wamesema watafikiri.

Wa kumi na mbili alipokea mwanamume mtulivu. Nikamwomba mama fulani.

"Mama alifariki mwaka jana."

Nikampa pole. Nikamuuliza alikuwa akiumwa nini.

"Hatujui. Alikuwa anachoka. Mlikuwa mnamtafutia nini?"

Nikasema kuna kipimo tulitaka kumfanyia. Akasema asante kwa kumkumbuka. Akanishukuru. Niliiweka simu mezani nikashindwa kuendelea.

Aprili 8

164 kwa 102.

Jioni mke wangu alikuwa anakunja nguo. Akasema, akizungumza na shuka zaidi kuliko mimi, "Mama ameomba nimpelekee mto wa tatu. Anasema shingo inamuuma."

Nikamwambia shingo haina kosa. Nikamwambia maana ya mto wa kwanza, wa pili na wa tatu. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshafungua mdomo, nikamwambia na la miaka miwili iliyopita: mlango, stika, mashine niliyojifanya naitengeneza, kisanduku.

Akaacha kukunja.

"Uliandika kwamba mama yangu amekataa."

"Fomu ina visanduku viwili—"

"Sikuulizi fomu. Alifungua mdomo akakataa?"

"Hapana."

"Na hao wengine?"

"Hapana."

Akaketi ukingoni mwa kitanda, shuka mapajani. Nilidhani atalia au atanipigia kelele, na vyote viwili ningevipokea. Akasema taratibu, kama mtu anayetaka hasa kufahamu:

"Mimi nilikukataa mara mbili. Kwa mdomo wangu, mbele ya kaka zangu. Ulirudi mara ya tatu na viatu vipya. Hao wanawake ulirudi kwao mara ngapi?"

Miaka yote hii nimekuwa nikisema watu wa bondeni wanapenda kukataa, na kicheko nakipata, na mwanamke wa bondeni ananipikia bila chumvi ili nisife. Nimejionea aibu ambayo sijawahi kuionja.

Aprili 9

163 kwa 100. Mvua kutwa. Haongei nami. Mezani kamwambia binti yetu, "Mwambie baba yako maji ya kuoga yako tayari." Nilikuwa nimekaa kati yao.

Aprili 10

162 kwa 101. Mvua. "Mwambie baba yako mwavuli uko nyuma ya mlango."

Aprili 11

162 kwa 100. Mvua. Binti yetu ameomba alipwe kwa kazi ya utarishi. Hakuna aliyecheka, ingawa mimi nilitaka.

Aprili 12

165 kwa 102.

Daraja limefunikwa. Maji yalipanda tangu alfajiri, na kufikia saa tatu polisi wakaweka kamba. Bondeni hakuendeki wala hakutokeki. Miadi ya Mama ni kesho.

Nimempigia. Anazungumza kwa vipande, anavuta pumzi katikati. Anasema miguu inamvimba jioni, lakini magauni sita yako tayari, tusiwe na wasiwasi. Mimi sikuuliza habari za magauni.

Nikakimbia kwa Daktari Kwa Nini, nikamweleza: mito mitatu, miguu imevimba jioni, na faili namba arobaini na saba ni la nani. Hakunilaumu. Akaipigia zahanati ya bondeni, akawaagiza wampe sindano na vidonge vya kupunguza maji mwilini, na wamwangalie asubuhi na jioni. "Maji yakishuka tu, aje moja kwa moja kwangu," akasema.

Nilipofika nyumbani nilimweleza mke wangu yote. Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu tarehe nane. "Atawahi?" akaniuliza.

Nikasema sijui. Nimeona ni heri kusema lililo kweli.

Aprili 13

163 kwa 101. Maji hayajashuka. Mama yupo. Kitanda cha chumba namba nne kilikaa kitupu saa yake ya miadi. Sikumwita mwingine.

Aprili 14

161 kwa 100. Hayajashuka. Mama kalala kidogo, vidonge vinasaidia.

Jioni mke wangu alinikuta na orodha ya simu. Akavuta kiti, akachukua simu mkononi mwangu, akapiga, akazungumza lugha ya kwao. Mama mmoja aliyekuwa amenikatia simu mara nne akazungumza naye robo saa. Mara mbili nilisikia kicheko.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia mlango sasa unafungwa. Nipe mwingine."

Aprili 15

158 kwa 98. Maji yanashuka. Mke wangu amewapata tisa.

Aprili 17

157 kwa 97.

Daraja lilifunguliwa saa moja asubuhi, na saa mbili Mama alikuwa koridoni kwetu, kakaa kwenye kiti cha magurudumu, mfuko wa magauni magotini. Sista kaingia naye, mlango ukafungwa, pazia likavutwa. Mashine tumeiweka upande wangu wa pazia, waya zinapita chini. Nilisimama huko nikitazama kwa macho yangu mawili kitambaa cha kijani nilichonunua, na sikuona chochote isipokuwa kitambaa.

Nilimsikia Sista: "Legeza mkono, mama. Hivyohivyo." Methali yake hakuitoa. Kisha: "Fundi, tayari."

Nikabonyeza. Karatasi ikatoka, safi, haitetemeki. Sista amejua kazi.

Niliisoma mara tatu. Mimi si daktari, lakini karatasi nimeziona maelfu. Mahali ambapo mstari hupanda, kwa Mama ulikuwa unazama, katika stika tatu za mbele. Ni alama ya kovu. Moyo wake ulikwisha kupata pigo, sehemu ya mbele imekufa, na si jana wala juzi. Lilipita bila mtu kujua.

"Imetoka vizuri?" Mama akauliza nyuma ya pazia.

"Imetoka safi, Mama," nikasema. Sauti yangu nilikuwa nimeishika kwa mikono miwili.

Daktari Kwa Nini alimuuliza kama anakumbuka siku aliyozidiwa. Akakumbuka mwaka jana, msimu wa sare, siku mbili alishindwa hata kutunga uzi kwenye sindano, jasho likimtoka. Alidhani ni uchovu.

Baadaye ikawa zamu yangu kumuuliza daktari swali. Kama ningempima siku ile ya barua, je?

"Pengine tungewahi," akasema. Akafikiri. "Pengine. Kovu halifutiki, lakini mishipa iliyobaki tunaweza kuiokoa. Jumatano anakwenda kwenye kipimo kikubwa."

Aprili 21

156 kwa 97. Mrija umepita. Mshipa mmoja ulikuwa umeziba kabisa, wa pili umebaki upenyo wa uzi. Huo wa pili wameuwekea kibomba cha waya cha kuutanua. Saa mbili nzima mke wangu alinishika kidole kimoja.

Aprili 22

150 kwa 94. Mama ameomba chai, kalalamika ni nyepesi.

Mei 3

147 kwa 92. Mito miwili.

Mei 11

146 kwa 90. Yule mama aliyezaa saba amekuja. Kaufunga mlango mwenyewe, kaufungua, kaufunga tena. Ndipo akalala. Karatasi yake ni nzuri, kamshinda hata Sista kwa moyo.

Mei 12

145 kwa 91. Mvua za rasharasha.

Mei 24

143 kwa 90. Kati ya sitini na mmoja tumewapima ishirini na wanane. Sita wamepelekwa mbele. Wanne tumechelewa, hawapo tena duniani. Majina yao nimeyaandika ukurasa wa mwisho wa daftari hili, ingawa hayahusiani na presha yangu. Au yanahusiana.

Juni 6

140 kwa 88.

Mto mmoja. Mama anapanda ngazi kumi na mbili akisimama mara moja tu, na huko kusimama nadhani ni mazoea. Mke wangu alikwenda sokoni, nikabaki naye. Alikuwa anakata magauni ya saizi kubwa, mimi nashika upande wa pili wa kitambaa. Nikaona nikingoja kesho nyingine nitazeeka nayo.

Nikamwambia. Kwamba siku ile niliandika amekataa, ndiyo maana hakuna daktari aliyemtafuta tena.

Akaendelea kukata mpaka mwisho wa mstari. Fundi hasimami katikati ya kitambaa.

"Nilikuona ukiandika," akasema. "Nilidhani umeandika nije siku nyingine, akiwepo mwanamke. Nikawa nangoja mniite."

"Miaka miwili, Mama?"

"Ningekukumbushaje? Ningesema huyu mkwe wangu hajui kazi yake?"

Nikalia, mtu mzima, nimeshika kitambaa kwa ncha mbili hata machozi sikuweza kufuta. Mama hakunibembeleza wala hakunifukuza. Kisha akasema kwamba upande wangu umelegea, nivute, asije akakata vibaya.

Juni 14

138 kwa 86.

Fomu mpya zimefika. Daktari Kwa Nini alinipa mimi niamue zisemeje. Kisanduku cha "Amekataa" nimekiacha, maana wapo wanaokataa kweli na ni haki yao, lakini chini yake kuna mstari: "Amesema nini hasa?" Na kipo kisanduku cha tatu: "Aitwe tena", na nafasi ya tarehe.

Juni 19

137 kwa 85. Siku ya kumi hakuna mvua. Daktari ameliona daftari. Alifungua akitafuta namba, akakaa nalo muda mrefu, akanirudishia bila kuuliza kwa nini. Kasema niendelee kuandika.

Leo nimewapigia wanne. Wawili watakuja Jumanne, mmoja hakupokea. Wa nne amesema hataki, ana kazi nyingi, na nimwache. Hiyo ni mara yake ya pili kunikataa. Nitampigia Jumatatu.